Kuanzisha AMCOS Kijijini: Kuanzia Kilo ya Kwanza Hadi Dirisha la Benki

Mkulima mwenye magunia matano ya korosho hana nguvu ya kupanga bei. Akikwama ada ya mtoto mwezi wa nane, korosho zikiwa bado mtini, kangomba, yaani mlanguzi anayenunua mazao kabla hayajavunwa, anafika na bakuli lake na pesa taslimu, na mzigo wa msimu mzima unaondoka kwa bei ya kutupa. Kagera nako wenzetu wa kahawa wana butura yao: mti unachanua, mwenye shida anauza maua. Majina yanatofautiana, ila hasara ni ileile, na dawa inayojulikana ni wakulima kukusanya mazao yao pamoja na kuyauza kwa sauti moja.

Mwongozo huu ni kwa wanakijiji wa Tanzania wanaofikiria kuanzisha chama cha ushirika wa masoko ya mazao, yaani AMCOS. Nimeuandika nikifikiria zaidi korosho na ufuta wa Mtwara na Lindi, lakini mkulima wa kahawa, kakao au mbaazi ataona mengi yanamhusu. Mpangilio wa hatua una sababu yake. Fedha za wanachama wenyewe zinatangulia, mizani inafuata, daftari linafuata, benki inakuja mwisho kabisa. Chama kinachoanza na mkopo kabla hakijajifunza kupima gunia na kuandika risiti hujikuta na deni ambalo hakuna mwanachama anayeweza kulieleza.

Hatua ya 1: Hesabuni kilo kabla ya kuhesabu watu

Swali la kwanza halihusu nani atakuwa mwenyekiti. Linahusu kilo: kijiji chenu kinazalisha kilo ngapi, na je, zinatosha kulisha ofisi? AMCOS huishi kwa ushuru unaokatwa kwa kila kilo inayopita mikononi mwake. Kilo zikiwa chache, chama kinakufa hata kama viongozi wote ni waaminifu.

Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu. Kijiji kina kaya 60, kila moja inavuna wastani wa kilo 600. Hizo ni kilo 36,000. Chama kikikata shilingi 50 kwa kilo, kinapata shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Mlipeni katibu shilingi 120,000 kwa mwezi, mwaka unakula 1,440,000. Zinabaki 360,000 za shajala, nauli za wilayani, mlinzi, makarani wa msimu na ukaguzi. Hazitoshi.

Sasa kaya ziwe 150 na wastani uwe kilo 800. Kilo zinafika 120,000 na ushuru unakuwa shilingi 6,000,000. Katibu 1,440,000; mlinzi wa ghala kwa miezi minne 400,000; makarani wawili kwa miezi mitatu 600,000; shajala na nauli 700,000; posho za vikao 600,000; mmetenga 500,000 za ukaguzi. Jumla 4,240,000, na zinabaki 1,760,000. Hapo kuna chama.

Lakini msisimame hapo. Fanyeni hesabu hiyohiyo kwa mwaka mbaya. Wakulima wa korosho tunajua ugonjwa wa ubwiri unga unavyoweza kufuta maua ya shamba zima, na mvua za kuchelewa zinavyochafua mavuno. Kilo zikishuka hadi 78,000, ushuru ni 3,900,000, na chama kile kile chenye afya kina upungufu wa shilingi 340,000. Ziada ya mwaka mzuri ndiyo inayobeba pengo hilo. Kwa hiyo chama kinachogawa au kula ziada yote kila msimu kinajiandalia kifo chake, na wanachama waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Hesabu ikikataa, ushauri wangu ni mmoja: jiungeni na AMCOS ya kijiji jirani. Najua hapo pana mambo ya heshima, kila kijiji kinataka bango lake. Hata hivyo chama kimoja chenye vituo viwili vya kupimia kina maisha marefu kuliko vyama viwili vyenye njaa.

Hatua ya 2: Kusanyeni waanzilishi, na kina mama waingie kwa majina yao

Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inataka waanzilishi wasiopungua 20 kwa ushirika wa kilimo. Usiishie kwenye 20. Tafuteni wale ambao kilo zao ziliingia kwenye hesabu ya hatua ya kwanza, maana mwanachama asiyeleta mzigo ni jina tu kwenye rejista.

Mwiteni Afisa Ushirika wa halmashauri kwenye mkutano wa mapema kabisa, kabla ya kuchagua mtu yeyote. Kazi yake ni kueleza sheria na kujibu maswali; asipangiwe kuwachagulia viongozi. Awaeleze pia misingi saba ya ushirika iliyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995. Ule unaosema mwanachama mmoja ana kura moja, awe na hisa kumi au mia mbili, urudiwe hadi wote waukariri. Hapo ndipo ushirika unapotengana na kampuni.

Kisha jambo ambalo vijiji vingi huliruka. Palilia, kuokota korosho, kubangua kwa ajili ya chakula cha nyumbani, kuanika: sehemu kubwa ya kazi hii inafanywa na wanawake. Rejista ya chama ikifunguliwa, jina linaloandikwa ni la baba. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya baba. Mama aliyeokota hana kura, hana hisa, na mume akifariki anaanza kubishana na shemeji zake kuhusu mzigo aliouanika mwenyewe. Andikeni kwenye masharti kwamba mke na mume kila mmoja anaweza kuwa mwanachama kwa jina lake, na hata kama shamba ni moja, wakubaliane mikorosho ipi inapimwa kwa jina la nani. Vijana wanaokodi mashamba waingie kwa utaratibu huohuo.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii ni gumu kulisema mkutanoni, lakini lisemwe. Anayenunua mazao kwa mtindo wa kangomba asiwe kiongozi wa chama. Faida yake inatokana na bei kuwa chini, na hawezi kutumikia pande mbili.

Hatua ya 3: Andikeni masharti yenu wenyewe, kisha sajilini

Maombi ya usajili yanakwenda kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, aliye chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Siku hizi yanapitia kwenye mfumo wa kidijitali wa Tume uitwao MUVU, na Afisa Ushirika wenu atawaongoza. Mtahitaji muhtasari wa mkutano wa waanzilishi ulioamua kuanzisha chama, orodha ya waanzilishi na sahihi zao, andiko linaloonyesha kwamba chama kitajiendesha (zile hesabu za kilo ndizo kiini chake), na masharti ya chama.

Masharti ndiyo katiba yenu. Kwa bahati mbaya vyama vingi huchukua ya jirani, vikabadilisha jina la kijiji na kuyapeleka. Mgogoro ukitokea miaka mitatu baadaye, kila mtu anashangaa kilichoandikwa. Kaeni jioni kadhaa myasome kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na mahali pafuatapo mpasimamie hasa.

Unyaufu. Korosho zilizopimwa kijijini zikifika ghala kuu zinaweza kupungua uzito, kwa sababu zilikuwa na unyevu, au gunia lilitoboka, au kuna mkono uliopita. Masharti yaseme upungufu wa kiasi gani unachukuliwa kuwa wa kawaida, nani anaubeba, na ukizidi hapo nani anajibu. Ugomvi mwingi wa AMCOS unaanzia hapa, kwa sababu hakuna aliyeandika lolote na kila mtu ana kumbukumbu yake.

Fedha taslimu. Wekeni kiwango cha juu cha fedha anachoruhusiwa kukaa nacho katibu ofisini. Kinachozidi kiende benki siku ileile au kesho yake. Kiwango kiwe kidogo kiasi cha kumkera kidogo.

Undugu. Mwenyekiti na katibu wasiwe wa nyumba moja. Msimamizi wa ghala asiwe mkwe wa mweka hazina. Vijijini sote tuna uhusiano wa namna fulani, kwa hiyo taja uhusiano upi hasa unaozuiwa, vinginevyo kifungu kitakuwa pambo.

Urithi wa hisa. Mwanachama akifariki, hisa zake na malipo yake ambayo hayajalipwa yanakwenda kwa mtu aliyemwandika kwenye fomu ya uanachama. Hakikisha kila mtu anaijaza hiyo sehemu. Wengi huiacha wazi.

Hatua ya 4: Kiingilio na hisa

Kiingilio hulipwa mara moja na hakirudi. Hisa ni mali ya mwanachama, na ndiyo inayomfanya awe na haki ya kuuliza. Wekeni hisa moja kwa bei ambayo mjane mwenye mikorosho kumi anaweza kuilipa, hata kwa awamu. Namna inayofanya kazi vizuri ni mwanachama kusaini fomu ya kukubali akatwe kiasi fulani kwa kila kilo katika msimu wa kwanza na wa pili hadi hisa zake zitimie. Akipewa risiti ya hisa, iandikwe jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Kwa nini ninasisitiza hisa hivi? Kwa sababu nchi yetu imeshaona ushirika wenye nguvu na imeshaona ukifutwa. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao. Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba wakiongozwa na Paul Bomani walijenga shirikisho lililonunua na kuchambua pamba yao wenyewe katika miaka ya 1950. Wazee waliofanya kazi ile walikuwa na mali mkononi: magari, viwanda, majengo. Mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka za mazao. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini vingi vilirudi bila ile hali ya mwanachama kuona chama ni chake, na sheria ya 1991 ilibidi isisitize upya kwamba ushirika ni wa hiari na mmiliki ni mwanachama. Chama ambacho wanachama hawajakiwekea chochote kutoka mfukoni mwao, hakuna anayekilinda kikitikiswa.

Hatua ya 5: Mizani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mkulima anapokutana na chama chake ana kwa ana. Anaweza asiielewe taarifa ya fedha, lakini anajua alijaza gunia lake hadi wapi.

Nunueni mizani yenu, msiazime. Ipelekwe kwa Wakala wa Vipimo ikaguliwe na kuwekewa alama kabla ya msimu. Kila asubuhi ya siku ya kupima, kabla ya gunia la kwanza, wekeni juu yake uzito unaojulikana. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa unatosha kwa ukaguzi wa haraka, mradi mkumbuke kutoa hesabu ya karatasi yake na kuuhifadhi pakavu. Mizani ikisoma tofauti, kazi inasimama hadi irekebishwe. Wanachama wawili wasio viongozi washuhudie jaribio hilo na kusaini kwenye daftari la mizani, kwa zamu.

Uso wa mizani umwelekee mkulima. Karani asome kwa sauti, mkulima arudie, ndipo iandikwe. Gunia tupu lina uzito wake. Kubalianeni utatolewa kiasi gani na kibandikwe ukutani. Msikubali kabisa ile tabia ya "kilo ya mezani", kilo moja au mbili zinazokatwa kwa kila gunia kwa maelezo yasiyoandikwa popote. Kilo mbili kwa gunia, kwa magunia 1,500, ni tani tatu za korosho. Mtu fulani anaziuza.

Unyevu upimwe kabla ya uzito. Korosho zilizoanikwa vizuri juani siku mbili tatu ukizichezesha mkononi zinagongana kwa sauti kavu. Mbichi zinanyamaza. Kipimo cha sauti kinasaidia nyumbani, ila kituoni kiwepo kifaa cha kupima unyevu, na mzigo uliokataliwa urudi kwa mwenyewe ukaanikwe. Kuuchanganya kwa huruma ni kumwadhibu aliyeanika vizuri, kwa kuwa mzigo mzima utashushwa daraja ghalani. Korosho ziwekwe kwenye magunia ya katani. Viroba vya plastiki havipumui, na korosho zikikaa humo zinaoza ndani kwa ndani.

Risiti iwe na nakala tatu: ya mkulima, ya daftari la chama, na ya kusindikiza mzigo. Ioneshe tarehe, jina, namba ya uanachama, kilo, daraja na idadi ya magunia. Mkulima asiyejua kusoma aje na mtoto wa shule amsomee palepale kituoni, kabla hajaondoka. Makarani wakionyesha kukereka, wakumbusheni wanalipwa na nani.

Hatua ya 6: Ghala kuu, mnada na malipo

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ni ya mwaka 2005, na mfumo wake ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Utaratibu ni huu: AMCOS inakusanya, mzigo unakwenda ghala kuu lenye leseni, unapimwa tena na kupangwa madaraja, ghala linatoa stakabadhi, kisha chama kikuu (MAMCU, TANECU, RUNALI au kingine kulingana na mlipo) kinatangaza mnada. Siku hizi minada hii inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, wanunuzi wanaweka bei, na wakulima waliokusanyika wanaikubali au kuikataa.

Haki ya kukataa ni ya kweli. Oktoba 2018 wakulima wa kusini waligomea bei za minada ya mwanzo, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, zikasombwa na malori ya jeshi. Kwa hiyo hudhurieni minada. Wanachama wachache waliochaguliwa na mkutano, si viongozi peke yao, wasafiri na kurudi na taarifa.

Mtu mmoja wa chama asindikize kila lori hadi ghalani na arudi na hati ya mapokezi. Linganisheni hati hiyo na jumla ya risiti zenu usiku uleule. Tofauti ikigunduliwa siku hiyo, dereva, walinzi na wapakiaji wote bado wanakumbuka. Ikigunduliwa baada ya mwezi, imeshakuwa hadithi.

Bei ya mnada ikipatikana, kabla ya malipo kuanza, bandikeni ubaoni karatasi moja yenye mambo haya: bei ya mnada kwa kilo, kila makato kwa jina lake na kiasi chake (ushuru wa halmashauri, chama kikuu, AMCOS, ghala, usafirishaji, magunia), na kinachobaki kwa mkulima. Ikiwa mnada umefika shilingi 3,000 na makato yote ni 210, mkulima aone 2,790 ikiwa imeandikwa kwa kalamu nene. Anayeona makato akizoea kuyaona atayahoji, na anayehojiwa huwa makini.

Malipo yanapita benki. Tatizo linalochelewesha wengi ni dogo: jina kwenye rejista ni moja na kwenye akaunti ni jingine, au akaunti imelala kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, na fedha zinarudi. Fanyeni zoezi la uhakiki miezi miwili kabla ya msimu. Kila mwanachama alete kadi ya benki na kitambulisho, katibu alinganishe herufi kwa herufi. Ni kazi ya siku mbili inayookoa wiki za malalamiko.

Hatua ya 7: Daftari, mkutano mkuu na ukaguzi

Mkutano mkuu ndio mwenye chama. Bodi inaagizwa nao. Kila mwaka ni lazima upitishe makisio ya mapato na matumizi, usomewe taarifa ya fedha, na uweke ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa mwaka huo. Ukomo huo hupelekwa kwa Mrajis aidhinishe. Bodi ikikopa zaidi ya hapo, imevunja sheria, na mwanachama yeyote ana haki ya kulisema hilo.

Taarifa ya fedha inatisha watu kwa wingi wa tarakimu. Mwanachama asiye mhasibu aulize maswali machache tu: Tulikusanya kilo ngapi na ghala lilipokea ngapi? Ushuru kwa kilo mara kilo hizo ni shilingi ngapi, na je, ndizo zilizoandikwa kwenye mapato? Posho za vikao ni ngapi, na vikao vilikuwa vingapi? Nani anadaiwa na chama, kwa jina? Barua ya benki inasema salio ni ngapi tarehe ya mwisho wa mwaka? Majibu ya maswali hayo yakifungamana, mahesabu mengi mengine yatakuwa sawa.

Ukaguzi wa nje hufanywa na COASCO, shirika lililoanzishwa mwaka 1982 kwa kazi hiyo. Taarifa yake huja na hati. Hati inayoridhisha ndiyo mnayoitaka. Mkipata hati yenye shaka au isiyoridhisha, isomwe mkutanoni sababu kwa sababu, na kila sababu ipewe mtu wa kuirekebisha na tarehe. Kusema tu "tumepata hati" bila kutaja ni ya aina gani ni kuwaficha wanachama.

Hatua ya 8: Akiba ya kumaliza kangomba

Mkulima anauza maua kwa sababu mwezi wa nane hana fedha. AMCOS haiwezi kumkopesha fedha za akiba za wengine, kwa kuwa kupokea akiba na kukopesha ni kazi yenye leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaziweka SACCOS, yaani vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, kwenye daraja la tatu na vikundi vya kijamii kama VICOBA kwenye daraja la nne. Kwa hiyo kijiji kinachotaka kujikomboa kinahitaji miguu yote miwili: AMCOS kwa mazao, na SACCOS au VICOBA kwa fedha.

Anzeni na VICOBA ndani ya AMCOS, vikundi vya watu wanaojuana, kila wiki hisa kidogo, kufuli la sanduku na funguo kwa watu tofauti. Msimu wa mauzo, kila mmoja aweke sehemu ya malipo yake. Mwezi wa nane ukifika, mwanachama anakopa ada kwenye kikundi kwa riba waliyopanga wenyewe, na riba hiyo inarudi kwao. Vikundi vikikomaa mnaweza kuunda SACCOS, ambako mikopo kwa kawaida hufikia mara mbili au tatu ya akiba ya mkopaji. Vitabu vya AMCOS na vya SACCOS visichanganywe kamwe, hata kama ofisi ni moja na katibu anaona ni usumbufu.

Hatua ya 9: Sasa nendeni benki

Mkiwa na misimu miwili ya risiti zilizolingana na hati za ghala, makisio yaliyopitishwa, ukomo wa madeni ulioidhinishwa na hati ya ukaguzi, mnaweza kukaa mbele ya ofisa mikopo bila kubembeleza. Anachotafuta ni uthibitisho kwamba mzigo upo na fedha zinapita kwenye akaunti. Stakabadhi ya ghala yenyewe inaweza kuwa dhamana.

Milango ipo zaidi ya mmoja. Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) ina mfuko wa dhamana unaozipa benki nyingine ujasiri wa kukopesha wakulima. Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma Aprili 2025, ikiwa imekua kutoka benki ya ushirika ya Kilimanjaro. Kenya walitangulia mbali katika hili: benki yao ya ushirika ilisajiliwa mwaka 1965, ikaanza kazi 1968, na leo ni miongoni mwa benki kubwa za nchi ile. Kinachofundisha pale ni kwamba vyama vyenyewe viliweka mitaji na kupitisha fedha zao humo. Chama chenu kikinunua hisa za benki ya ushirika huku kikiweka fedha zake kwingine, hakijaisaidia sana.

Mkopo wa kwanza uwe wa pembejeo: salfa na viuatilifu vya ubwiri unga, mabomba ya kupulizia, magunia. Urejeshwe ndani ya msimu uleule. Tarehe ya marejesho ifuate kalenda ya zao. Mkopo unaodai rejesho mwezi wa nne kwa mkulima anayeuza mwezi wa kumi na moja umeshaharibika siku unaposainiwa. Kila mwanachama asaini kiasi chake cha pembejeo, na orodha ibandikwe. Mkopo wa lori, jengo au mashine ya kubangua usubiri hadi wa pembejeo umalizwe mara mbili mfululizo bila kuchelewa. Vijana hupenda kuanza na mashine, na ninawaelewa, maana thamani kubwa ya korosho iko kwenye ubanguaji. Lakini mashine inahitaji umeme, fundi, soko na mtaji wa kununulia korosho za mwaka mzima, na benki itadai rejesho hata mashine ikisimama.

Mambo yakiharibika

Fedha zikipotea, msisubiri mkutano wa mwaka. Wanachama kwa idadi iliyotajwa kwenye masharti wanaweza kudai mkutano mkuu maalum, kwa barua yenye majina na sahihi. Mkutano huo una uwezo wa kuiondoa bodi. Mrajis ana mamlaka ya kuagiza uchunguzi wa chama, na aliyesababisha hasara anaweza kuamriwa kuilipa kutoka mfukoni mwake. Penye rushwa au wizi, TAKUKURU na polisi wana nafasi yao.

Barua yenu ieleze jambo moja kwa mfuatano wa tarehe, bila matusi. Ambatanisheni nakala za risiti za wakulima wachache, hati ya ghala ya mzigo husika, na ukurasa wa daftari la mizani wa siku ile. Pelekeni kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, nakala kwa Afisa Ushirika wa halmashauri, na moja mbaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.